Mwari Walipotua Mbwawa

Mwaka ule mvua za vuli ziliwahi. Nilizijua kwa masikio na pua tu, maana nilikuwa nimewekwa ndani tangu mtama ulipovunwa, na mwali hatoki. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, na kidirisha chake kilikaa juu karibu na paa, hakionyeshi kitu ila kipande cha mbingu na ncha za makuti. Kutwa nilikuwa nasuka ukili. Nilisuka ukili wa kutosha mikeka ya ukoo mzima, na mpaka leo nikishika ukindu vidole vinakwenda vyenyewe.

Wajukuu zangu wakisikia habari hii hudhani nilikuwa nimefungwa kwa kosa. Sivyo. Zama zile za Mwingereza, kwetu Mbwawa, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa, akanenepeshwa, na siku ya kutolewa aliimbiwa na kuvishwa nguo mpya. Mpaka siku hiyo mwanamume asimwone, hata baba yake mzazi. Baba yangu, ambaye zamani alikuwa akinibeba mabegani kwenda shamba, sasa nilikuwa namsikia tu akikohoa uani alfajiri, akichukua jembe, akienda zake. Hilo ndilo lililonitesa kuliko giza la chumba.

Mlinzi wangu alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeletwa kutoka Vihingo kwa kazi hiyo. Alikuwa mrefu, mkavu, hana mchezo. Usiku alitandika mkeka wake mlangoni kwangu, na mchana aliketi papo hapo akichambua mboga. Bibi, mama yake mama, alikuwa kinyume chake kabisa: mfupi, mnene, na kicheko chake kilikuwa karibu sana na kinywa. Wale wawili waliheshimiana kama inavyopasa wakwe, lakini hawakukubaliana jambo hata moja, wala kiasi cha chumvi kwenye kisamvu.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka bwawani na debe la maji limejaa nusu tu. Nilimsikia akilitua uani na kumwambia bibi kwamba juu ya maji kuna vitu vyeupe, vikubwa, kama magunia ya pamba yaliyotupwa na mtu. Alikuwa amesimama akivitazama na kujiuliza nani atupe pamba majini, ndipo gunia moja likainua kichwa. Akachota haraka akaondoka.

Kufika adhuhuri kijiji kizima kilikuwa bwawani. Mimi nilipata habari kupitia ukutani, kila mpitaji na yake. Mmoja alisema ni ndege wakubwa kama mbuzi. Mwingine alisema mdomo peke yake una urefu wa mkono wa mtu, na chini yake umening'inia mfuko ambao unaweza kutiwa kibaba cha mchele. Wengine walisisitiza kwamba hawalii, hawatoi sauti yoyote, wanaelea tu na kutazama watu. Mwalimu wa shule ya misheni alikuja kwa baiskeli, wanafunzi wanamfuata mbio, akasimama ukingoni mpaka viatu vikazama kwenye tope.

Aliyewajua ni baba. Ujanani alikwenda Rufiji kununua samaki wakavu, akawaona huko kwenye maziwa, wengi hata maji hayaonekani. Alisema wanaitwa mwari. Ila kuja kwetu, kwenye bwawa la kuchotea maji na kuogeshea mbuzi, hilo hakuwahi kulisikia, wala wazee waliomzidi umri hawakuwahi. Alidhani mvua za mapema zimewapoteza njia, au wameona maji yamepanda na kambale wamejaa, wakaona wapumzike.

Bibi alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akakohoa. Kwa ulimi wake wa kizamani mwari na mwali ni neno moja, kwa hiyo yule ndege na mimi tulikuwa na jina moja. Akaingia ndani, akaketi mbele ya shangazi.

"Mwanangu," akamwambia, "mwali katoka mbali kuja kumtembelea mwali mwenzake. Mwenyeji asitoke kumsalimu mgeni?"

Shangazi akajibu kwa upole kwamba mila ni mila, mwali haonwi.

"Haonwi, ndiyo," bibi akasema. "Lakini mila haikukataza mwali kuona."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kanga, ukili umesimama mkononi. Nilingoja shangazi akasirike, amkumbushe bibi kwamba yeye ni mgeni nyumbani kwa mkwewe na hana amri juu ya mtoto wa upande ule. Badala yake aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Hivi ni kweli wana mfuko chini ya mdomo?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Shangazi naye alikuwa ndani. Tangu aje kunilinda hakuwa amekwenda popote ila jikoni na chooni. Kijiji kizima kimewaona ndege, pamoja na vibibi wanaotembelea mkongojo, isipokuwa mimi na yeye.

Mipango ilifanywa na wanawake, tena upesi. Mama alimwambia baba. Jioni ile tulimsikia akizunguka kwa majirani akilalamika kwamba nguruwe mwitu wanamaliza muhogo wake wa ng'ambo ya pili, mbali na bwawa, na kwamba anaomba wanaume wote wamsaidie kuwafukuza kesho kukipambazuka. Nguruwe hao hakuna aliyekuwa amewaona. Cha kushangaza ni kwamba walipofika waliwakuta kweli, wakahangaika nao mpaka jua likawa kali, na baba akasifiwa kwa kuwa macho.

Sisi tulitoka mwanga ukianza kuonekana. Wanawake wa nyumba za jirani walikuja wote wamejifunika kaniki nyeusi gubigubi, kuanzia utosini hadi vifundoni, wakatembea wameinama kama mwali anavyotembea, ili atakayetuona asijue mwali ni yupi. Bibi alitangulia na shangazi alifunga msafara. Nilikuwa katikati, nimeshika pindo la kaniki ya mama. Miguu yangu ilikuwa imesahau umande. Kila majani yaliponigusa nilitaka kusimama.

Tulipofika penye minazi tulisikia kitu kikikwaruza juu. Mgema alikuwa mnazini, mtu ambaye hakuitwa kwenye habari ya nguruwe kwa sababu hulala shambani kwake. Alitazama chini akaona safu ya watu weusi wasio na vichwa wakipita kimya. Hakuweza kushuka, hakuweza kukimbia.

"Wewe uliye juu, fumba macho," bibi akamwambia.

"Nimefumba, mama. Shikamooni nyote."

"Marahaba. Shika mti, usianguke."

Ndani ya kaniki yangu niliuma kidole nisicheke. Mgongo wa mama ulikuwa unatikisika.

Nilipofunuliwa uso kule bwawani sikuona kitu mwanzoni, mwanga uliniumiza baada ya kukaa gizani miezi yote ile. Nilisimama nikifuta machozi, kisha maji yakajitokeza, kisha wao. Watu walikuwa wamenieleza ukubwa wao lakini hakuna aliyenieleza rangi. Walikuwa weupe wenye wekundu kidogo sana ndani yake, kama maziwa yaliyodondokewa na tone la maji ya zambarau. Mfuko wa mdomo ulikuwa wa manjano. Waliponyoosha mabawa kuyakausha, upindo mweusi ulionekana chini, kama nguo iliyotiwa bitana.

Wakaanza kuvua. Walijipanga safu, bega kwa bega, wakaogelea taratibu kuelekea maji machache wakiwaswaga samaki mbele yao, na ghafla, bila ishara tuliyoiona, wote wakainamisha vichwa pamoja na kuviinua pamoja. Mifuko ikavimba. Wakamwaga maji, wakameza. Mmoja alipata kambale mkubwa asiyekubali, na tulimwona kambale yule akipigana ndani ya mfuko kama paka aliyetiwa kwenye kikapu. Ndege akatulia tu, macho madogo yakitazama mbele, akingoja ugomvi uishe.

Shangazi alikaa chini, pale pale kwenye tope. Nilidhani ameanguka. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akijipiga mapaja, na bibi ambaye hakumpenda kivile alimpigapiga mgongoni asipaliwe.

"Anafanana na marehemu mume wangu akila ugali wa moto," shangazi akasema alipopata pumzi.

Jua lilipopanda na hewa kupata joto, ndege wawili watatu wakakimbia juu ya maji wakiyapiga kwa miguu, wakaruka. Wengine wakafuata. Viumbe wazito vile, na juu wakawa wepesi ajabu; walizunguka juu ya bwawa bila kupiga bawa, duara juu ya duara, mpaka wakawa vitone vinavyong'aa na kuzimika kila walipogeuka. Nilitupa kichwa nyuma kuwafuata, na kaniki ikaniangukia mabegani, kisha chini. Nilisimama hivyo mbele ya mbingu yote. Shangazi aliona. Aliokota kaniki, akaikung'uta, akaikunja mkononi mwake, akanyanyua uso naye kutazama.

Jioni ile baba alikuja nyuma ya nyumba na mpini wa jembe wa kuchonga. Kazi hiyo siku zote aliifanyia barazani. Akaketi karibu na ukuta wangu, akachonga muda, kisha akauliza kwa sauti, kana kwamba anaongea na mpini, kama waliokwenda kutazama wageni wamewaona vizuri. Shangazi alikuwa mlangoni. Alinitazama, halafu akaanza kuimba wimbo mdogo, kwa nguvu, kama mtu asiyesikia kitu kingine.

"Tumewaona, baba," nikasema. "Hata walivyoruka."

Akakohoa. Akasema vizuri, vizuri sana, akaendelea kuchonga mpaka giza likaingia, ingawa mpini ule ulikuwa umeshakuwa mwembamba kuliko ulivyotakiwa.

Mwari walirudi bwawani na kukaa siku chache zaidi, kisha asubuhi moja hawakuwapo. Wanaume walinung'unika kwamba wameachiwa bwawa bila samaki.

Mimi nilitolewa ndani baada ya masika, kwa ngoma na vigelegele, na shangazi akarudi kwake. Hakukaa hata mwezi, akaja tena akiwa na hasira. Alikuwa amewasimulia watu wa Vihingo habari za wale ndege, na hawakumwamini. Walisema amezeeka. Akamwomba baba ampe shahidi, na shahidi mwenyewe akawa mimi, kwa hiyo safari yangu ya kwanza kama mtu mzima ilikuwa kwenda Vihingo kushuhudia. Niliketishwa mkekani katikati ya uani, wanaume na wanawake wamenizunguka, na mimi ambaye miezi yote ile nilifundishwa kusema kidogo na kutazama chini, nikaombwa nieleze kila kitu tangu mwanzo. Nikafunga kanga kidevuni iwe mfuko. Nikatia muhogo ndani iwe kambale. Nilipoinua kichwa na kumwaga maji yasiyokuwapo, watu waliangukiana, na mzee mmoja aliyekuwa mbishi kuliko wote akauliza kama nyama yake inalika. Shangazi akamjibu kwamba hilo hatukulichunguza, kisha akaniambia nirudie tena kuanzia pale kwenye safu, maana kuna waliochelewa kufika.