Kiingereza cha Mama Pindo

Mama Pindo ni jirani yangu wa mlango wa pili. Yeye anashona, mimi nauza vipodozi. Jina hilo tulimpa sisi wa mtaani, maana nguo haitoki kwake mpaka aigeuze nje ndani akague pindo. Mkia wa uzi haachi ukining'inia, anaufukia ndani ya mkunjo kwa ncha ya sindano, hata ukitafuta huuoni. Wivu wake ndio hajui kuufukia.

Mwaka huu binti yake anayeishi ng'ambo alimleta mtoto wake wa kike kwa likizo ndefu. Mtoto ana miaka tisa, na Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo. Asubuhi analetwa kwa Mama Pindo, anakaa kimya karibu na cherehani, anatazama. Mchana anakuja kumchukua bibi yake mzaa baba, karani mstaafu anayeongea Kiingereza mpaka na paka wake. Wakiondoka tunawasikia wakicheka hadi kona.

"Unawasikia?" Mama Pindo aliniuliza siku moja, pini kaziuma mdomoni. "Kwangu anakaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Kwa yule anacheka. Atarudi kwao na bibi mmoja kichwani, na huyo si mimi."

Roho ilikuwa inamuuma kweli. Wiki ileile akajiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza, chumba cha juu ya duka la rangi, akanikokota na mimi. Sikubisha. Mama Pindo akishikwa na wivu habishiki.

Mwalimu wetu ni kijana mpole, ingawa Mama Pindo alishalidharau pindo la suruali yake tangu siku ya kwanza. Jioni hiyo alitufundisha kitenzi "learn". Akasema kimebeba mengi: kupata ujuzi, kukariri shairi, hata kupata habari, kama vile kusikia kwamba jirani kahama. Ila sisi tunaosema kufunza na kujifunza, akaonya, huwa tunakikosea. Hiki ni cha anayepokea tu, anayetoa ana kitenzi chake kingine. Kisha akataka mfano kwa kila mtu.

"Mimi sina," Mama Pindo alisema. "Huyo wa kupokea kwangu ni nani?"

Njiani alifura. "Angeulizwa yule mkwe wangu karani, angetoa mifano mpaka taa zizimwe."

Jumapili huyo mkwe akatualika chai. Tulipoingia tu sebuleni, Mama Pindo akaganda mbele ya kochi. Palikuwa na mto mdogo wa vipande vya kijani, na vipande hivyo vilikuwa mabaki ya kibandani kwake.

"Kanishonea mjukuu wetu," alisema mwenye nyumba.

Uso wa Mama Pindo ulishuka. Kitambaa chake, mjukuu wake, na mto kapewa mwingine. Akauchukua, akaugeuza, nami nikajua anatafuta pa kukosoa. Akapapasa mshono kwa kidole gumba, akarudia tena polepole. Mishono ilikuwa imepinda vibaya, lakini mkia wa uzi haukuonekana popote.

"Nani kamwonyesha kufukia uzi hivi?"

"Wewe. Mimi hata kifungo nampelekea fundi." Sauti ya mkwe haikuwa na sukari. "Nikwambie ukweli, mkwe wangu? Nimechoka. Akifika hapa ni Bibi anafanya hivi, Bibi anashika mkasi vile. Unajua pale kona tunacheka nini? Anakuigiza unavyoongea na pini mdomoni. Mimi hajawahi kuniigiza."

Mama Pindo alikunywa chai yake yote bila kuinua macho, akijikaza kisabuni asitabasamu. Tulipotoka tu akaanza: "Kitambaa kilikuwa changu. Na mimi nataka mto."

Jumatatu alinyoosha mkono kabla mwalimu hajakaa. Akasimama, akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, kwamba mjukuu wake amejifunza kushona kutoka kwake. Mwalimu akampongeza, akamwomba mfano mwingine.

Akaurudia uleule, kwa sauti kubwa zaidi.