Oveni Iliyokaa Koridoni

Oveni ya mama muoka keki ilifika kwenye jengo lile la Elerai kabla ya jibu letu. Ikawekwa koridoni, bado imo ndani ya kreti yake ya mbao, na wateja wa saluni wakaigeuza benchi. Kila nilipopita na kalamu yangu nilimkuta mtu amekaa juu yake, rola kichwani, akisubiri zamu. Mwenye oveni alikuwa amesimama pembeni, akinitazama kama watu wanavyomtazama daktari anayetoka wodini.

Nilikuwa nimemaliza chuo si muda mrefu, na nilikuwa chini ya injinia mmoja mwanamama, mwenyeji wa Machame. Swali tulilopewa lilikuwa moja. Jengo ni la zamani, lina saluni, bucha, steshenari na fundi cherehani. Je, umeme unaoingia humo unaweza kubeba na oveni? Mzee mwenye jengo alishasema wazi kwamba jibu likiwa hapana, chumba cha nyuma kitachukuliwa na muuza vipuri vya pikipiki, ambaye tayari alishakuja kukikagua. Mama muoka keki alikuwa ameshuka kutoka Nkoaranga, alikokuwa akioka kwa mkaa. Msimu wa kipaimara ulikuwa unakaribia, na watu walishaanza kumpa oda.

Nilianza kwa kusoma vibao vya nyuma ya mashine zote, vinavyoonyesha kila moja inakula umeme kiasi gani, chumba hadi chumba.

"Binti, hata redio yangu unaiandika?" aliuliza mwenye bucha.

"Shikamoo. Ndiyo, naiandika."

"Marahaba. Muandike na inzi huyu basi, maana naye anakula hapa bure."

Nilipojumlisha, jumla ilipita uwezo wa swichi kuu kwa mbali. Nikarudia hesabu, kisha nikairudia kuanzia chini kwenda juu, kana kwamba namba zingeona aibu zikibadilishwa mpangilio. Nikampelekea injinia jibu la hapana huku nikijiona nimemfungashia mama wa watu vyombo vyake.

Injinia aliisoma karatasi yote. Hakunicheka.

"Hapa umesema kila mtu anawasha kila kitu, kwa pamoja, kutwa nzima," akasema. "Umewaona wakifanya hivyo?"

"Hapana, mama."

"Basi tuwapime wao, tuviache vibao."

Siku ya kufunga kifaa cha kurekodi umeme kwenye swichi kuu ndiyo niliyoanza kumwangalia injinia vizuri. Alimsalimia kila mpangaji kwanza, akawaeleza anachokwenda kufanya. Akavua pete na saa. Alikigusisha kipimo chake mahali anapojua pana umeme, akapima alipozima, kisha akarudi tena kule penye umeme kuhakikisha kipimo hakijafa katikati. Mimi hurudi nyumbani kutazama kama nimefunga mlango, na siku zote nimeambiwa ni ugonjwa. Kwake yeye kurudia kulikuwa sehemu ya kazi, hakukuwa na papara wala woga ndani yake. Nilitamani kujifunza namna ile ya kuwa na wasiwasi.

Kifaa kikakaa pale wiki kadhaa. Tulipokifungua, mstari wa matumizi ulikuwa chini hata siku za Jumamosi, wakati saluni imejaa wanaojiandaa kwa ibada. Nafasi ya oveni ilikuwepo, tena ya kutosha. Injinia akaniambia niandae ripoti aisaini.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nikaanza kujiuliza kwa nini mstari ule ulikuwa na adabu hivyo. Kitu kimoja kikipanda, kingine kilikuwa kimeshuka muda mfupi kabla. Nikarudi Elerai bila kumwambia mtu, nikakaa juu ya kreti pamoja na wateja, nikisikiliza.

"Nawashaaa!" akaita dada wa saluni kutoka ndani.

"Subiri nimalize mfupa!" akajibu mwenye bucha. Msumeno wake wa umeme ukanguruma, ukanyamaza. "Haya, washa!"

Draya zikaanza kuvuma. Kule steshenari kijana wa fotokopi akamwambia mteja wake avumilie kidogo.

Nilikuwa nimezisikia kelele zile tangu siku ya kwanza, nikadhani ni utani wao. Dada wa saluni alinieleza kwamba zamani swichi kuu ilikuwa ikijikata kila mara, wakagombana sana, mpaka wakazoea kuitana. Hakuna aliyewapangia. Nilimwona kila mmoja akisimamisha kazi yake ili jirani afanye yake, na roho yangu ikajaa heshima. Kisha wasiwasi ukarudi. Tulikuwa tumepima uungwana wao. Na keki ikiwa ndani ya oveni haiwezi kusubiri mfupa uishe.

Nilimweleza injinia nikijikanyaga maneno, nikijua namharibia ripoti. Aliniomba nianze upya, polepole. Nilipomaliza aliiweka kalamu chini.

"Ningesaini," akasema. "Asante, mwanangu. Jumamosi tutakirudisha kifaa, tuwaombe wasiitane."

Kuwaomba kulikuwa rahisi kuliko kutii. Dada wa saluni aliita "Nawa..." akajiziba mdomo, koridoni watu wakaangua kicheko. Draya, msumeno, pasi ya fundi cherehani na fotokopi vikaenda kwa pamoja, na swichi kuu ikajikata. Jengo zima kimya.

"Basi, imeshindikana," akasema mzee mwenye jengo, akimtazama mama wa Nkoaranga kwa huruma. Mama aliinamisha kichwa, akaanza kukunja kanga yake mkononi.

"Mzee, nivumilie kidogo," injinia akasema. Akamwita mbele ya kifaa, akamwita na mama muoka keki. Aliwaeleza kwamba umeme unaingia pale kwa njia tatu, na kwa miaka yote wapangaji karibu wote walikuwa wameunganishwa kwenye njia moja. Hiyo ndiyo iliyoelemewa. Mbili zilizobaki zilikuwa zimepumzika tu. Alisema maneno yaleyale ambayo angemwambia injinia mwenzake, ila taratibu, na mzee akauliza maswali bila kuona haya.

Tukapima kila chumba peke yake, kimewashwa chote. Nikagawa mizigo ile kwenye njia tatu, nikaweka oveni, nikachukulia kwamba hakuna atakayemwita mwenzake, maana mpangaji mpya huenda asiijue desturi yao. Nafasi ikatosha na kubaki. Injinia aliirudia hesabu yangu yote mwenyewe, mbele yangu, na safari hii sikuona kwamba ananitilia shaka. Mzee akakubali kugharamia fundi wa kuhamisha nyaya na kuvuta waya mpya hadi chumba cha nyuma.

Jumamosi ya mwisho tuliyokwenda pale, oveni ilikuwa imeshaingia ndani. Vyote viliwashwa kwa mpigo. Nilisimama mbele ya swichi kuu nikiwa nimekunja ngumi, na haikujikata. Harufu ya keki ikatangulia koridoni kabla ya mama mwenyewe kutoka na unga kwenye paji la uso.

"Injinia, na wewe binti, njooni muonje."

"Nawashaaa!" dada wa saluni akaita, kwa mazoea tu.

"Washa, nani kakushika?" akajibu mwenye bucha, msumeno ukiendelea kunguruma.

Mteja mmoja mwenye rola kichwani alitoka saluni, akatazama pale palipokuwa na kreti, akageuka huku na huku.

"Sasa jamani," akasema, "sisi tutakaa wapi?"