Kioo Nilichokataza Kisiguswe

Mume wangu angeweza kukimbia. Baiskeli ilikuwepo, mjomba wake alikuwa na mashamba ya mpunga Usevya, na mama yake alikuwa ameshamfungia viazi vya njiani kwenye kitambaa. Mimi ndiye niliyemwambia akae. Alifia gerezani kwa kuumwa kifua, na watu wanaponipa pole wakisema ni mapenzi ya Mungu, natamani kuwatukana.

Miaka ile ya tisini, Mpanda hatukuwa na televisheni ya kuwasha ukaona kitu. Tulikuwa na kibanda cha video kule Shanwe, jenereta nyuma, mabenchi mbele. Mwenye kibanda aliletewa na ndugu yake kanda za vipindi vya wapelelezi, vilivyorekodiwa kutoka televisheni za nje. Wanaume walipenda za ngumi. Mimi nilipenda hizo. Nilienda Jumapili baada ya ibada, mtoto mgongoni, kumtazama mzungu mwenye glovu nyeupe akipaka unga kwenye glasi kwa brashi laini mpaka alama za vidole zinajitokeza. Hakumpiga mtu. Hakumuuliza mtu kabila lake. Glasi ilisema yenyewe, na asiye na hatia akaenda zake nyumbani. Nilikuwa natoka pale nalia kwa raha.

Nikirudi nyumbani Kawajense nilimsimulia mume wangu, maana yeye alikuwa mlinzi wa duka na mchana alilala. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja; alikua akichunga ng'ombe. Mimi nilikuwa na darasa la saba, basi nikajiona profesa.

"Kwa hiyo kila mtu ana alama zake?" aliniuliza, akivitazama vidole vyake.

"Kila mtu."

Jambo hilo lilimfurahisha sana, siku nzima alikuwa analirudia.

Asubuhi moja duka likakutwa limevunjwa. Wezi walikuja wakati wa mvua kubwa, yeye kajikinga upande wa pili, hakusikia kitu. Redio na vitenge vilikuwa vimebebwa, na kabati la kioo la ndani limeachwa wazi. Kila mtu alijua atakayekamatwa ni mlinzi. Siku zote hukamatwa mlinzi.

"Mwanangu, ondoka sasa hivi," mama yake akamsihi.

"Akikimbia ndiyo amekiri," nikadakia. "Hajawahi kuingia mle ndani. Wakipima kile kioo watakuta vidole vya watu wengine. Njia ya mwongo ni fupi, mama."

"We binti, hiyo video yako ina undugu na polisi wa hapa?"

Nilimwona mshamba. Mungu anisamehe, yule mama nilimwona mshamba.

Nikaenda dukani mwenyewe, mume wangu akinifuata, nikasimama mlangoni kuzuia watu wasiguse kabati. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Polisi walipofika, mkubwa wao akaegemea kioo kwa kiganja kizima, akamwagiza mwenzake atafute tambara afute vumbi, aone kilichobaki.

"Afande, na unga je?" nikauliza.

"Unga wa nini, mama? Unataka kusonga ugali?"

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Alinyoosha mikono yote miwili, vidole wazi, akasema, "Nipimeni." Wakamtia pingu.

Siku ya tatu nikaruhusiwa kumpelekea chakula. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki, lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mtoto wetu azaliwe.

"Mama watoto, wamechukua!" Akanionyesha dole gumba la kushoto, limejaa wino wa zambarau. "Nilikuwa naogopa hawatachukua. Sasa wataenda kulinganisha na kioo."

"Karatasi ilikuwa tupu?"

"Hapana, ina maandishi. Imejaa mpaka chini."

"Walikusomea?"

"Wanisomee ya nini? Walitaka kidole tu."

Nikaelewa kuwa kidole kile kilikuwa sahihi yake. Ningemwambia siku ile, angalau angejua alichofanyiwa. Lakini alikuwa anakula kwa hamu, akilamba na mchuzi, nami nikasema, "Vizuri, baba." Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo, na sijui niuombee msamaha kwa nani.

Mahakamani karatasi ikasomwa. Ilisema alifungua mlango kwa mkono wake, akagawana mali na wenzake. Alikuwa anatikisa kichwa kukataa, taratibu, bila hofu yoyote. Alikuwa anasubiri wafike kwenye kioo. Hakimu akaiinua ile karatasi, akamuuliza kama alama ile ya dole gumba ni yake.

"Ndiyo, mheshimiwa," akajibu upesi, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ni yangu kabisa."

Kisha akageuka kunitafuta katikati ya watu, anatabasamu, anasubiri nimwitikie kwa kichwa.

Nikamwitikia.