Nilipaka varnish ludo ya baba mkwe upande mmoja, ikawa karai

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, huku upepo unatupatia vumbi asubuhi na matope jioni.

Hii nitawaambia vile ilikuwa, bila kujitetea. Bibi yangu anasoma hapa pia, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi atanianika kwa comments.

Mimi naitwa Mutua, nauza hardware. Rangi, misumari, simiti, plywood, hizo ndizo kazi zangu. Sasa mtu wa hardware ako na ugonjwa mmoja: anadhani kila kitu duniani kinaweza kurekebishwa na kitu kiko kwa shelf yake. Shikeni hiyo.

Nimeoa Mmaasai, Naserian, kwao ni huko nyuma ya Isinya. Baba mkwe tunaitana Paker. Kwa wasiojua, Wamaasai mkipeana mnyama mnaitana kwa jina la huyo mnyama. Mimi nilimpelekea kondoo, basi yeye ni Paker kwangu na mimi ni Paker kwake. Jina langu hata sijui kama analikumbuka.

Huyo mzee ako na ludo. Si ya kununua. Ni kipande cha hardboard ambacho marehemu mama mkwe alichora kwa mkono wake, nyumba nne, nyekundu, kijani, njano na bluu, na tunacheza na vifuniko vya soda. Rangi imepauka lakini mistari imenyooka kuliko ya fundi wengi nawajua.

Lakini maneno yako nyuma.

Huko nyuma mama alikuwa anaandika na biro kila Krismasi, nani ameshinda na nani ameshika mkia. Na alikuwa na mdomo huyo mama! "Baba wa mwisho, anasema dice imerogwa." "Naserian amelia, tumempatia soda." Mwaka ingine ameandika tu, "Baba tena. Wueh."

Mimi sikuwahi kumpata. Alienda mwaka mmoja kabla nioe. Na tangu aende, hakuna mtu ameandika kitu hapo. Tunacheza, lakini mzee akishamaliza anageuza ubao, anasoma kidogo, anaurudisha kwa gunia. Hakuna mtu huambiwa asiandike. Unajua tu.

Sasa mwezi uliopita Paker alikuwa anatoa mabati ya zamani kwa nyumba aweke mapya. Akaleta ubao kwetu.

"Paker, nishikie hii isinyeshewe. Jumapili ya pili nikuje tucheze."

Nikasema hakuna shida. Wakuu, nilijiskia nimeaminiwa na kitu kubwa kuliko shamba.

Angeniachia hapo nikae tu nayo, mambo yangekuwa sawa. Lakini kuangalia vile rangi imepauka, na kona zimeanza kunyonyoka, ule ugonjwa wa hardware ukaamka. Nikajiambia, nitaipaka varnish, mzee akuje apate inang'aa, ajue alipatia msichana mtu.

Nilikuwa na akili kidogo, msinimalize. Nilijua nikipitisha brashi nyuma, ile biro itayeyuka na kusambaa. Kwa hivyo nikapaka mbele peke yake, coat mbili, nikaianika juu ya mabati kwa jua la saa sita.

Ilitoka ikiwaka. Naserian akasema, "Ni smart, lakini ulimuuliza?" Nikamwambia hii ni surprise.

Nikaisimamisha nyuma ya sofa, imeegemea ukuta. Usiku huo mvua ikaanza, na ikanyesha siku tatu mfululizo. Mnajua nyumba za huku kwa mchanga mweusi, mvua ikinyesha hata chumvi inalia.

Siku ya nne nikaitoa nimwonyeshe bibi tena. Nilidhani nimechukua kitu ingine.

Ubao ulikuwa umejikunja kona zote zikiangalia juu. Karai, wakuu! Ungeweza kubebea mchanga. Nikaweka kwa meza nikarusha dice, dice ikateremka yenyewe mpaka katikati ikakaa hapo. Nikarusha tena. Katikati.

Naserian alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka mara moja, akashika ubao akageuza, akaangalia kama maandishi yako. Yalikuwa yako. Akaniambia, "Mutua, mimi sitamdanganya baba. Hiyo ujue mapema."

Siku tatu zilikuwa zimebaki Jumapili ifike.

Nikaibeba mpaka dukani. Mpango wangu ulikuwa huu: mbao ikipinda unailowesha ilainike, halafu unakandamiza. Mbele hakuloweki, varnish imeziba. Basi ni nyuma. Nikasema nitatumia kitambaa chenye maji kidogo, nikwepe maandishi.

Nilikuwa nimeshakamua kitambaa, mkono uko juu ya "Baba tena. Wueh," wakati Mama Ifrah aliingia kuomba chenji. Mama Ifrah ako na duka ya mikeka na leso pembeni yangu, ni mtu wa Garissa, na haongeangi polepole.

"Warya, wewe kijana! Unafanya nini?"

Nikamweleza. Akaninyang'anya kitambaa.

"Hii imepinda sababu imekunywa maji upande huu, na upande ule umeufunga mdomo. Sasa wewe unaongezea maji? Na unaosha maandishi ya mama ya watu?"

Wakuu, nimeuza mbao miaka mingi. Nilisimama hapo kama mwanafunzi.

Akaniambia wakiwa watoto huko kwao walikuwa wanasoma Qur'an kwa loho, ule ubao wa kuandikia na wino, ukimaliza somo unauosha. Mtoto akianika loho yake juani upande mmoja, kesho anakuja darasani na mashua, na mwalimu anamwangalia tu. Walifundishwa kuanika kivulini, wanageuza huku na huku, halafu zinalazwa moja juu ya ingine na uzito.

"Wacha ikauke huko nyuma polepole. Kitambaa kikavu, si maji. Na uzito usawa kila mahali. Usiweke jiwe moja katikati uivunje."

Akanipatia leso mbili za kuazima, akasema nikizichafua na simiti nimenunua.

Nikakata plywood mbili zinatosha kabisa. Chini plywood, leso, ludo, leso, plywood, halafu juu mifuko minne ya simiti nimeipanga usawa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua, nabadilisha leso nyuma, sababu ilikuwa inatoka na unyevu, nafunga tena. Customer akiuliza simiti hiyo, nilimwambia hiyo si ya kuuza, iko kazini.

Ijumaa ikawa imeshuka kidogo. Jumamosi ikashuka ingine. Jumapili asubuhi nikatoa. Haikuwa karai tena. Ilikuwa sahani.

Paker akafika baada ya kanisa, shuka na koti, na jerikeni ya maziwa. Nimempangia maneno tangu Alhamisi. Nilikuwa naenda kuanza na mvua, vile mvua imekuwa mbaya mwaka huu, hadi vitu za watu zinaharibika.

Naserian akaniangalia kutoka mlango ya jikoni. Hivyo tu.

Nikasema, "Paker, nimeharibu ubao wako. Niliupaka varnish bila kukuuliza. Ukapinda. Nimejaribu kuunyoosha lakini haujamaliza."

Akanyoosha mkono nikampa. Hata hakuangalia mbele, ile kazi yangu yote ya kung'aa. Aligeuza. Akapitisha kidole kwa kila mstari kutoka juu, polepole, midomo ikitembea. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilifikiria yule kondoo, nikafikiria kama kondoo anaweza kurudishwa.

Akauliza, "Huku hukupaka?"

"Hapana. Niliogopa biro itafutika."

"Na ndio maana ilipinda?"

"Ndio."

Akakaa. Akaweka ubao mezani, akatoa vifuniko vya soda kwa mfuko wa koti. "Leteni dice."

Tukacheza watatu. Dice bado ilikuwa inapenda katikati. Mara ya kwanza ikiteremka, Paker aliinua nyusi. Mara ya pili, akaanza kutikisika mabega. Mara ya tatu mzee alicheka mpaka akatoa kofia, akasema Yeiyo, yaani mama yake Naserian, angekuwa hapa leo angesema hii dice sasa ndio imerogwa kweli. Naserian akacheka na machozi yanatoka, na mimi nikacheka nao.

Nilishindwa vibaya. Kifuniko changu kimoja hakikutoka nyumbani hata kidogo.

Tulipomaliza, Paker akageuza ubao kama kawaida. Nikangoja asome arudishe kwa gunia. Badala yake akanyoosha mkono kwa binti yake.

"Nipe biro."

Naserian hakusonga kwanza. Nilidhani hakuskia. Halafu akaenda chumbani, akakaa huko kidogo, akarudi na biro na macho mekundu.

Mzee aliandika kama mtu anaweka sahihi ya shamba. Herufi kubwa, chini ya mstari wa mwisho wa mama mkwe. Akanisukumia nisome.

"Paker ameshika mkia. Na amepinda ubao."

Wakuu, mimi ni mtu wa hardware, silii ovyo. Lakini hapo nilienda nje nikajifanya naangalia tanki kama imejaa.

Sasa ya kujifunza, sababu najua kuna watu humu wako na ludo, drafti, Scrabble na karata wanazipenda.

Ukipaka kitu, paka pande zote mbili au acha zote. Upande mmoja unaleta karai. Laza ubao, usiusimamishe ukuta. Jua la saa sita hapana. Vile vipaketi vidogo vinakuja ndani ya box ya viatu, usitupe, weka kwa box ya game vinywe unyevu. Karata usifunge na rubber band, inazikata kingo na kuzikunja, mimi siku hizi nazikandamiza kati ya plywood ndogo mbili. Na kama kuna nyama choma, watu waoshe mikono kwanza. Nimeona mfalme wa kopa ananuka mbuzi miezi mitatu.

Na ya maana kuliko zote: kitu ya mtu, uliza kwanza. Hata kama unajua kazi. Hasa kama unajua kazi.

Ubao bado uko kwangu, kati ya plywood zangu, unaendelea kushuka. Mama Ifrah alichukua leso zake akazinusa zote mbili kabla akubali. Juzi nikampigia Paker simu, kwa adabu sasa, nikamuuliza nifunike nyuma na ile plastiki ya vitabu vya shule, ndio maandishi ya mama yasiwahi kuguswa na unyevu tena.

Akaniuliza, "Na Krismasi tutaandika wapi?"

Basi nimeacha hivyo. Wenye wanajua njia ya kutunza biro na bado mtu aandike, leteni maarifa. Wenye wamekuja kunicheka pia mko na nafasi, Naserian ameshaweka kiti.