Kuomba Kukaa Nyumbani kwa Mke Wangu

Nilifika Lamu nikiwa kijana mshona kanzu. Nilitoka kwetu Ngazidja, kisiwa cha Komoro, kwa meli ya mizigo hadi Mombasa, na pasi yangu ilikuwa na mhuri halali wa ugeni. Nilikuja kwa kazi ya Ramadhani moja tu, kumsaidia fundi wa mtaa wa Langoni aliyezidiwa na kanzu za Idi. Idi ikapita, mhuri ukaisha, pasi nayo ikaisha, nami nikabaki. Sikubaki kwa hila. Kila mwezi nilisema mwezi ujao nitakwenda kutengeneza mambo yangu, na mwezi ujao ulikuwa na harusi, na harusi haikosi kanzu. Nilipokuja kutanabahi kwamba sina karatasi hata moja iliyo hai, nilikuwa nimeshauzoea mji, na mji umenizoea.

Mke wangu nilimpata katika harusi hizo hizo. Mimi nilimshonea bwana harusi, yeye alimpaka hina bibi harusi. Alikuwa ameachwa, hana mtoto, anakaa mtaa wa Mkomani katika nyumba aliyopewa na babake, kama ilivyo ada ya huku: binti hupewa nyumba, na mume ndiye anayemfuata. Nilipopeleka posa, mamake aliniita mwenyewe akaniuliza nyuma ya pazia.

"Bwana, karatasi za nti hii unazo?"

"Sina, mama."

"Na ukimuoa binti yangu utazipata?"

"Sheria inaniruhusu kuziomba, ndoa ikishadumu. Lakini sitaomba. Ninamtaka yeye, si karatasi."

"Mgeni ni kuku mweupe," akasema. "Tutakuona."

Ahadi ile niliitoa kwa mapenzi na kwa kiburi, na sijui kipi kilizidi. Tukaoana, nikahamia Mkomani, na cherehani yangu ikawekwa chumba cha ndani.

Maisha yetu yalikuwa matamu, ila yalikuwa na mipaka. Afisi ya uhamiaji iko pwani, si mbali na gati, kwa hiyo pwani nilipaepuka. Nilipita vichochoro vya nyuma mpaka nikavijua kuliko wenyeji. Faza niliwahi kwenda kwenye harusi ya jamaa za mke wangu, kwa maana hiyo ni safari ya kisiwa kwa kisiwa. Bara sikuvuka. Njia ya Mombasa ina vizuizi, na kila kizuizi abiria hushuka na kitambulisho mkononi. Mtu akibisha hodi asiyejulikana sauti, mguu wangu ulikuwa ukiachia cherehani wenyewe, na mke wangu alikuwa akienda mlangoni kabla yangu. Hakuwahi kunilaumu. Kanzu zikiwa tayari, yeye ndiye aliyezipeleka kwa wenyewe, pindo la buibui limeshikwa mkono mmoja na furushi kifuani.

Kisha macho yake, mato kama wanavyosema watu wa Amu, yakaanza kuingia ukungu.

Alianza kukosea vikonyo vya maua ya hina. Alimpaka bibi harusi mmoja, na asubuhi ua la mkono wa kushoto likaonekana limeachana na jani lake. Mama wa msichana hakusema kitu, lakini harusi ya mdogo wake wakamwita mpakaji mwingine. Mke wangu alirudi nyumbani akaosha vifaa vyake, akavianika juani kama kawaida, kisha akaniambia, "Nadhani sioni."

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema atapasuliwa Mombasa, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Nilimsindikiza mpaka kona ya kichochoro kinachotokea gatini, nikasimama hapo. Alivuka na mamake, bibi wa miaka mingi mwenye magoti mabovu. Nilirudi nikakaa mbele ya cherehani bila kutia uzi.

Aliporudi, jicho moja likiwa bado limefunikwa, tulikaa ukumbini sote watatu. Nikamuuliza safari ilikuwaje.

"Kwenye kizuizi tuliambiwa tushuke," akasema. "Mama akanishika mkono. Mimi sioni ndia, yeye magoti hayamtii. Askari akauliza, hawa hawana mwanamume? Nami nikajiuliza lilo hilo."

Nikamsogezea mto mgongoni.

"Jicho la pili utanipeleka wewe," akasema.

"Nitapitaje?"

"Kaombe karatasi."

"Nilimwahidi mama kwamba sitaomba."

"Hukumuoa mama. Umenioa mimi."

Mamake alikuwa akimenya vitunguu saumu, na hakuinua uso. "Ahadi ile nimekufungua, mwanangu," akasema. "Siku zile sikukuyua." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Niliondoka nikaenda kunawa uso.

Wakili mmoja aliyekuwa akisaidia watu bila malipo alitushauri niende mwenyewe kabla sijakamatwa, na niseme kweli tupu. Basi asubuhi moja nilivaa kanzu niliyojishonea, mke wangu akatwaa cheti chetu cha ndoa cha kadhi, tukaenda pwani mchana kweupe. Watu walitusalimia kama siku zote. Mimi nilihisi nimetoka uchi.

Afisa alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mpole wa sauti.

"Umekaa nchini bila kibali muda wote huo?"

"Ndiyo."

"Na kwa nini umekuja leo?"

"Mke wangu anaumwa macho, na sina njia ya kumpeleka hospitali."

Akaacha kuandika, akamtazama mke wangu, kisha akanitazama mimi. "Sitakudanganya, Bwana," akasema. "Kuna adhabu ya kukaa bila kibali, na baada ya hapo ombi lako linaweza kukubaliwa au kukataliwa. Lakini umefanya vizuri kuja mwenyewe."

Tulilipa adhabu. Tukaleta mashahidi. Kisha tukaitwa kuhojiwa, kila mmoja chumba chake, ili ijulikane kama ndoa yetu ni ndoa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali makubwa. Nikaulizwa nani huamka kwanza, mke wangu hulalia upande gani, nani hununua samaki. Kisha afisa akauliza, "Chakula gani hukipendi?"

Wakili aliniambia niseme kweli tupu. "Papa," nikasema. "Papa mkavu wa mchuzi."

Akainua macho. "Mkeo amesema papa ndicho chakula unachokipenda kuliko vyote. Anasema anakupikia kila Ijumaa."

Nikajua nimejiharibia. "Hunipikia," nikasema. "Alinipikia siku ya kwanza ya ndoa, akanitazama nikila. Sikuweza kumwambia. Tangu hapo nimekuwa nikila."

Yule afisa aliinamisha kichwa akaandika kwa muda mrefu, na sikuweza kuuona uso wake.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika msikiti wa kwanza mke wangu akasimama. Afisa alikuwa amemwita tena na kumuuliza juu ya papa.

"Ijumaa zote hizo?"

"Zote."

"Na ile siku uliyoomba uongezewe?"

"Ulikuwa umefurahi."

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia kidogo, jicho lile zima na lile bovu. Ijumaa iliyofuata alinipikia kuku wa nazi, na papa akajipikia yeye na mamake.

Kilitoka kwanza kibali cha muda. Nacho ndicho nilichovuka nacho hadi Mokowe, upande wa bara, kumpeleka Mombasa kwa jicho la pili. Kwenye kizuizi nilishuka nikapanga foleni na wenzangu, mke wangu amenishika kiwiko. Askari akakisoma kibali, akanirudishia, akamwambia aliye nyuma yangu asogee. Hospitalini muuguzi akauliza nani wa mgonjwa huyu. Nikasema mimi, mumewe, na nikalisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ukaazi wa kudumu ulikuja baada ya kungoja kwingi. Siku tulipouchukua mke wangu aliigeuzageuza kadi karibu na dirisha, sasa akiona vizuri, akasoma kila neno. Kisha akairudisha mikononi mwangu.

"Sasa waweza kwenda kwenu ukarudi," akasema, hanitazami. "Au ukaenda tu."

Miaka yote nilidhani mwenye hofu ndani ya nyumba ile ni mimi. Kumbe naye alikuwa na yake, na alinihimiza niombe huku akiwa nayo.

"Twende sote," nikasema. "Dada yangu anataka kukuona."

Bado hatujaenda. Lakini jioni nikipiga simu Ngazidja mke wangu huniomba simu, amsalimie dada yangu kwa maneno ya kwetu niliyomfundisha. Huyakosea, dada humcheka, naye huyarudia upya.