Kibao cha Rodaje

Watu wa mtaa wetu wa Buyenzi wanamcheka fundi Shaabani. Wanasema injini iliyopita mikononi mwake haili Idi mbili: inaanza kumeza oili, inafuka moshi kama jiko la kuni mbichi, kisha inarudi gereji. Vijana wenye gereji mpya wamempa jina, Baba Moshi, naye anaitika. Mimi nikisikia, damu inanichemka. Nina duka la vipuri ng'ambo ya barabara, nimelirithi kwa baba yangu, na mafundi wa mtaa huu nimewaona wakija na kuondoka. Nawaambia hao wacheshi: hamjui mnachokicheka. Lakini sababu siwaambii, kwa kuwa nami nimo.

Zamani Shaabani alikuwa fundi wa mafundi. Wenye magari walishuka kutoka Gihosha na Kinanira, mitaa ya wenye nacho, wamevaa suti zao, wakangoja zamu wamesimama juani. Adabu hakuwa nayo. Ukimwambia, "Fundi, fanya upesi," alifuta mikono, akaenda zake kunywa chai, na gari lako likabaki limefumuliwa matumbo. "Haraka haraka haina baraka," alisema, na ukinuna aliisema tena. Aliipenda injini kuliko mwenye injini, wala hakuficha.

Mwaka wa tisini na saba akaja Aloys. Kabla ya vita Aloys alikuwa akiteremsha viazi kutoka Bugarama milimani kwa pikapu ya Toyota iliyokuwa kuukuu hata siku aliyoinunua. Alikuwa mtu wa kutii kupita kiasi. Padri akisema fungeni, Aloys anafunga. Daktari alimwambia ameze kidonge baada ya chakula. Siku chakula kilipokosekana, hakumeza. Mkewe Marguerite alikuwa akimtania kwamba hata mbwa akimwambia "kaa" atakaa.

Injini ya pikapu, ya petroli, ilikuwa imepasuka. Lakini hakuja kwa ajili ya viazi.

"Mama iko Muramvya, peke yake," alimwambia Shaabani. "Miguu imekufa, hawezi tembea. Watu ya kule, askari wanawakusanya mu kambi, na mabisi hayapandi tena kwetu. Muzee wangu, niwekee moteri yoyote. Napanda, namubeba mama, nashuka. Mi sitaki kingine."

Shaabani alizunguka pikapu mara mbili, akaipiga teke gurudumu. "Iache hapa," akasema.

Vipuri havikuwepo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na rafu zangu zilikuwa na vumbi tu na vioo vya taa. Injini ilipatikana Uvira, ng'ambo ya mpaka, ya basi dogo lililoungua nyuma. Namegabe, mchuuzi wa vyuma chakavu, aliivusha mpakani Gatumba chini ya magunia ya muhogo. Ilikuwa ya dizeli, nzito, na haikuwa na nia yoyote ya kukaa ndani ya pikapu ile. Shaabani alikata vishikio vya zamani, akachonga vipya kwa chuma cha springi ya lori. Akaisukuma rejeta mbele. Giaboksi ya basi ilikuja na injini yake, ikabidi shafti ipunguzwe shubiri moja na kuchomelewa upya. Pete za pistoni zilitoka kwangu: boksi moja nililokuwa nimelificha nyuma ya filta, nikisubiri bei ipande. Nalisema ili mjue mimi ni mtu gani.

Kazi ilichukua wiki tano. Asubuhi ilipowashwa, mtaa mzima ulikuwepo. Shaabani alisema Bismillahi, akageuza ufunguo, akaweka bisibisi juu ya injini na sikio lake juu ya bisibisi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka. Aloys alilia mbele yetu wote, hakuona haya.

Sasa ndipo ilipo habari yenyewe. Injini iliyovikwa pete mpya haikimbizwi. Sisi tunaita rodaje: kilomita elfu moja za mwanzo unakwenda polepole, hulazimishi kilima, hukanyagi. Ukiharakisha, pete hazikai vizuri, na injini itakula oili mpaka kufa kwake. Shaabani alikuwa na maneno yake: pete na silinda ni bibi na bwana harusi wasiojuana, waache wazoeane.

"Makumi tano," alimwambia Aloys, yaani kilomita hamsini kwa saa. "Usipite makumi tano mupaka ifike kilometa elfu."

"Na mu mulima je?"

"Ata mu mulima. Ata sheitani akikufukuza, Aloys, we usikimbie!"

Tukacheka sote. Ilikuwa kauli yake, alimwambia kila mteja. Mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na ninapenda watu wauone, nikachukua ubao na rangi nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa EN RODAGE, tukaufunga nyuma ya pikapu kwa waya. Wenye haraka wasimsumbue, wampite.

Lakini kilomita elfu utazipata wapi katika mji uliofungwa? Ziwa huku, milima yenye bunduki kule. Kila siku Aloys alikwenda Gatumba na kurudi, taratibu, kama anayesindikiza jeneza. Alikuwa amefikisha mia tatu na kitu ujumbe ulipomfikia: mama yake amehamishiwa kambini, analala chini, anakohoa. Alikuja gereji kuaga. Injini ilikuwa bado changa, lakini Shaabani angeweza kumwambia kwamba safari hii akanyage tu. Alimwambia: "Kumbuka makumi tano."

Aliondoka na msafara, askari mbele, askari nyuma. Kilichotokea tulikisikia kwa Astère, dereva wa lori aliyekuwa nyuma ya Aloys. Alisimulia akiwa amesimama mlangoni pangu, soda mkononi.

"Tulikuwa tumeshafika juu, pale barabara inaanza kunyooka. Risasi zikaanza. Kila mutu alikanyaga. Ule Aloys anaenda vile vile. Nikamupigia honi, nikamupigia tena. Akatoa mukono ku dirisha, akanionyesha nyuma, kile kibao. Kama vile mutu anaomba musamaha. Basi nikamupita. Na askari wa nyuma nao wakamupita."

Sijui kwa nini hakukanyaga. Pengine aliogopa injini imfie njiani na mama bado hajamfikia. Pengine ni utii tu. Watu wameniambia angekufa hata angekimbia. Lakini waliokimbia siku ile walifika wote. Mama yake alifia kambini miezi mitatu baadaye, na walikuwa wamemficha habari za mwanawe, kwa hiyo alikufa akimngoja.

Pikapu ililetwa Buyenzi kwa kuvutwa. Mlango wa dereva ulikuwa umetobolewa, kiti sitakieleza. Shaabani aliingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo. Injini ikawaka mara moja, ikatulia, ikaimba. Haikuwa na mchubuko. Sijawahi kuichukia sauti yoyote kama ile. Akaizima, akakaa chini kwenye oili.

Marguerite alikuja kuchukua vitu vya mumewe. Hakuwa amesoma. Alizunguka pikapu, akasimama mbele ya kibao changu, akagusa herufi moja moja.

"Hii maneno Aloys alikuwa anaipangusa kila asubuhi," alisema. "Mi nilizani ni maombi, kama wengine wanaandika Mungu atulinde. Inasema nini?"

Ikabidi niseme mimi niliyeandika. Nikamweleza: moteri ni mpya, bado inazoezwa, haitakiwi kukimbizwa.

Hakupaza sauti.

"Kumbe mulimukataza kukimbia," akasema. "Watu wote mu hii inchi wanakimbia, na bwana yangu ninyi mulimukataza."

Akajitwisha vitu vya mumewe, akaenda. Kibao nilikipasua kwa shoka. Pikapu ilinunuliwa na mtu wa Gatumba, naye bado anamsifu fundi aliyeijenga.

Ni miaka saba sasa. Shaabani anafumua na kufunga injini kama zamani, mkono ni uleule, pete anaziosha kwa petroli moja moja. Ila mteja akiuliza, "Fundi, rodaje ni kilometa ngapi?" yeye anafuta mikono.

"Apana rodaje," anasema. "We kimbia."

Nao wanakimbia. Mwaka hauishi wanarudi na moshi wao, wanamtukana mbele ya watu, Baba Moshi, mwizi, fundi wa bure. Shaabani anawasikiliza mpaka wamalize, anawatazama usoni, wamesimama pale wazima na hasira zao. Kisha anafungua boneti.