Udongo wa Kichuguu

Kwamba nilizimia njiani, nimesimuliwa tu. Yafuatayo niliyaona mwenyewe. Harufu ya spiriti, iliyonifikia leo katika zahanati moja ya Malindi, ilinirejesha mapajani mwa bibi yangu, ndani ya chumba cheupe kilichoelea polepole machoni mwangu. Muuguzi alinifunua kope, akaubonyeza ukucha wangu, akangoja wekundu ambao haukurudi.

“Ana nyuni huyu, ndege wa pepo,” bibi alisema. “Twampeleka kwa mganga.”

“Na nyuni hula udongo, bibi? Hebu toa ulimi, mwanangu.”

Nikautoa. Akaupangusa kwa pamba, akamwonyesha bibi chembechembe za kichuguu.

“Damu imemwishia. Niachie mimi, alazwe.”

Bibi alinikumbatia hata nikausikia moyo wake ukipiga. Kisha akailegeza mikono, akanikabidhi.